Kibaraza Chini ya Herufi

Kwenye chama cha wakusanya sarafu walimwita Hakikisha, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini. Yeye mwenyewe alilipokea kama anavyopokea chenji: alilitazama pande zote mbili, akaona halina ubaya, akakubali.

Kazi yake ilikuwa miwani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa ndiyo karakana, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kusaga lenzi, droo za skrubu ndogo kuliko ufuta, na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameinama juu ya vitu vidogo, na mtu akiinama hivyo muda wote huo huanza kuamini kwamba kila kitu kina ufa mahali fulani, ni kuutafuta tu. Mteja akimwambia fremu imevunjika yenyewe, alimwuliza ilikuwa imekaliwa na nani. Muuza maziwa alipimiwa maziwa yake upya pale pale mlangoni. Mwanawe wa pekee, enzi za utoto wake, akisema ameoga alinuswa masikio. Marehemu mumewe, fundi bomba mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, alikuwa akisema kwamba siku mkewe atakapofika peponi atamwomba malaika wa mlangoni kitambulisho.

Chama kilikutana Jumamosi asubuhi, watu saba, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule. Mwenye duka ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Watu walileta sarafu zenye kasoro, na kasoro iliyowatoa watu udenda kuliko zote ilikuwa maandishi yaliyojirudia: unaitazama sarafu kwa lenzi, unaona kila herufi ina mwenzake amesimama nyuma ya bega lake.

Sasa, hizo ziko za aina mbili, na moja ni mali, nyingine ni takataka. Ile ya mali hutokana na muhuri wenyewe, yaani kile chuma kinachogonga sarafu. Muhuri ulipokuwa ukitengenezwa uligongwa mara mbili, na katikati ya mara ya kwanza na ya pili ukasogea kidogo. Basi kila sarafu iliyopigwa nao ina herufi mbili kamili, zote zimeinuka, zote za mviringo, na ncha zake zimegawanyika. Hiyo chama waliita pacha. Ile ya takataka hutokana na mashine iliyolegea: muhuri ni mzima, ila ukishagonga unatetereka na kuikwangua herufi ubavuni. Hapo hubaki kijingazi bapa, cha chini, kinachong'aa, na chama walikiita kibaraza. Pacha huinenepesha herufi, kibaraza huila. Maneno hayo yalikuwa ya Hakikisha, na mwenyekiti aliyaandika kwa kalamu nene ukutani, juu ya meza.

Hukumu ilikuwa mkononi mwake. Amri yake ilikuwa moja: usiamini taa ya upande mmoja. Kivuli hujaza pale palipo bapa, nawe ukadhani unaona mviringo. Kwa hiyo sarafu izungushwe pole pole chini ya taa, duara zima, kisha iwekwe, na kesho yake itazamwe tena kabla ya chai, na kesho kutwa tena. Alishamwambia mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa ametunza sarafu yake miaka kumi na minne kwenye kopo la dawa, "Kibaraza, kaka yangu," kwa sauti ileile ambayo mtu husema mvua imenyesha. Mwalimu yule hakurudi tena chamani. Hakikisha hakukosa usingizi kwa hilo.

Yeye mwenyewe alikuwa na pacha moja tu. Sarafu ya shilingi kumi, yenye ndege upande mmoja, ambayo mumewe aliikuta mfukoni mwa suruali ya kazi, miezi miwili kabla hajafa. Alimpa akiwa kitandani, hana tena hata nguvu za kucheka, akamwambia, "Hebu itazame hii, mke wangu. Naona kama ndege ana maandishi mawili." Akaitazama pale pale, akamwambia ni pacha. Uso wa mumewe ukawa wa kijana. Baada ya mazishi ikaandikwa kwenye daftari la chama, ikatiwa kwenye kadi yenye dirisha la plastiki, kadi ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye kabati la chumbani kwake. Ufunguo ulining'inia msumarini nyuma ya mlango, kila mtu wa nyumba akijua ulipo. Hilo nalo liwekeni akilini mnapomcheka.

Miaka tisa ikapita.

Mwaka huu chama kilialikwa kuonyesha sarafu katika ukumbi wa maktaba, na kila mwanachama akatakiwa kupeleka ile anayojivunia. Alhamisi mchana, mteja wa mwisho alipoondoka, Hakikisha aliitoa bahasha ili aihamishie sarafu kwenye kadi mpya, maana ile ya zamani ilishakuwa ya njano. Aliifungua, akaiweka chini ya lenzi kwa mazoea tu, kama mtu anayemtazama mwanawe usoni kabla hajatoka nyumbani. Akaizungusha.

Kibaraza.

Akaizungusha tena. Chini ya kila herufi palikuwa na kijingazi bapa, kinang'aa kama sakafu iliyopigwa deki, na herufi zenyewe zilikuwa zimeliwa ubavuni. Mtoto wa wiki moja kwenye chama angejua.  Na wazo la kwanza lililomjia, msomaji, halikuwa "nilikosea." Wazo la kwanza, na la pili, na la tatu, lilikuwa, "Imebadilishwa."

Nani? Ndani ya nyumba ile walilala watu watatu. Yeye; mwanawe, fundi umeme, ambaye sarafu kwake ilikuwa ni kitu cha kununulia vocha; na mke wa mwanawe, aliyeolewa miaka minne iliyopita, mwanamke mkimya wa kiwanda cha uchapaji, aliyerudi kila jioni na vidole vya wino. Mkwe huyo alipika, alifua, aliamkia kwa adabu, na hakuwahi kujibu vibaya. Hilo ndilo lililokuwa likimkera Hakikisha siku zote bila kulisema. Mtu asiye na ufa! Kwani yeye ni malaika? Moyo wa mtu ni msitu, alijiambia, akaigeuza ile kadi ya zamani. Na kwenye kona ya nyuma, hafifu kama pumzi kwenye kioo, palikuwa na alama ya kidole. Ya wino wa buluu.

Aliketi kitako. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimaliza.

Jioni ile mkwe aliporudi, Hakikisha alimtazama anavyovua viatu. Alivua kimoja kwanza, akatulia, akavua cha pili. Kwa nini atulie? Walipokaa kunywa chai, mkwe alisema kazini wamepata mashine mpya. Aha, mashine mpya. Mkwe akamwuliza, "Mama, maonyesho ni lini vile?" Na kwa nini mtu asiyejali sarafu aulize siku ya maonyesho? Kila swali lilikuwa na kivuli, kila kimya kilikuwa na kivuli kirefu zaidi. Mkwe alipokohoa, Hakikisha alikihesabu kikohozi hicho. Wala hakumwita "mwanangu" jioni ile, alimwita "wewe," na mkwe alilisikia, akainamisha kichwa juu ya kikombe.

Ijumaa asubuhi, watoto walipokwenda kazini, mwanamke mzima wa miaka hamsini na minane aliingia chumbani kwa mwanawe na kupekua. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alijaribu kuliita jina jingine. Alijiambia anatafuta mkasi. Aliinua godoro. Alifungua droo za nguo za mkwe na kupitisha mkono chini ya kila kitambaa. Ndani ya kopo la kalamu alikuta kioo cha kukuzia, kidogo, cha kukunja, cha bei ya kawaida lakini safi sana. Akakifumbata kwa ushindi. Mtu wa karatasi ana shughuli gani na kioo cha kukuzia? Angeweza kumwuliza mtu yeyote aliyewahi kukanyaga kiwanda cha uchapaji. Hakuuliza. Mwenye kutafuta kosa hahitaji jibu, anahitaji ushahidi.

Jioni akavimwaga vyote mezani: kadi yenye wino, kioo, na sarafu.

"Hii siyo sarafu ya baba yenu," akasema. "Ya baba yenu iliondoka humu ndani kwa miguu ya mtu. Nataka irudi kabla ya maonyesho, wala sitauliza imepitia wapi."

Mwanawe alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaona anayetazamwa ni nani. "Mama, unamaanisha nini?"

"Namwuliza mwenye vidole."

Mkwe alikuwa ameshika kisahani. Akakiweka chini bila kelele. Alikitazama kile kioo chake, na uso wake ukaonyesha amejua kimetoka wapi, na kwa hiyo mikono ya nani imepita kwenye nguo zake. "Mama," akasema, "sikuibadilisha. Niliishika, ndiyo, siku moja. Lakini sikuibadilisha."

"Umesikia? Ameishika!"

"Mama, inatosha," mwanawe akasema, akasimama. Alikuwa na kimo cha baba yake lakini hakuwa na kicheko chake, si usiku huo wala si tangu utoto. "Umepekua chumba chetu?"

"Nyumba ni yangu."

"Haya. Nyumba ni yako." Alisema taratibu, kama mtu anayesoma mita. "Basi sisi tutatafuta yetu. Rafiki yangu ana vyumba viwili vitupu kule karibu na kiwanda, amekuwa akinibembeleza mwaka mzima, nami nakataa kwa ajili yako. Kesho tunahama. Labda uniambie sasa hivi, mbele yake, kwamba mke wangu si mwizi."

Hapo palikuwa na mlango wazi, na Hakikisha aliuona. Alimpenda mwanawe kuliko macho yake mawili. Nyumba ile bila nyayo zao ingekuwa karakana tu, yenye kitanda. Sentensi moja ingetosha. Lakini alishazoea kutotoa hukumu bila ushahidi, na ushahidi ulikuwa pale mezani, una wino. Akafunga mdomo. Mkwe akainuka akaenda kuosha vyombo, kama jioni nyingine yoyote.

Jumamosi Hakikisha alikuwa wa kwanza kufika dukani. Mwenyekiti alikuwa bado anapanga madaftari ya mistari dirishani.

"Kaka, fungua kitabu," akasema. "Uandike sarafu ya mume wangu imeibwa. Mwizi akijaribu kuiuza popote, wajue. Hii hapa ndiyo aliyoniachia badala yake."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa polepole, wa kula maneno nusu na nusu kuyameza. Alilitoa daftari kubwa. Chamani kwao hakuna sarafu iliyoingia daftarini bila kupigwa nakala: karatasi nyembamba huwekwa juu ya sarafu na kusuguliwa kwa penseli, mpaka kila mchubuko utokee. Alikuwa ameifanya kazi hiyo yeye mwenyewe, Hakikisha akiwa bado na macho mekundu ya msiba. Akaufunua ule ukurasa, akaiweka sarafu pembeni, akainama. Akainama muda mrefu.

"Dada," akasema. "Ile ya shemeji ilikuwa na kovu kwenye ukingo. Hapa, chini ya mkia wa ndege. Na mchubuko mwingine kama ukucha, hapa juu ya mwaka."

"Najua. Ndivyo tutakavyoitambua."

 Mwenyekiti aliisogeza sarafu mbele yake.

Kovu lilikuwepo. Mchubuko ulikuwepo. Hakikisha alivipima kwa lenzi, kisha kwa rula, kisha kwa lenzi tena. Akamtazama mwenyekiti kwa jicho la pembeni, na kwa muda wa pumzi moja, niseme kweli, alifikiria kwamba huenda huyu naye ameibadilisha nakala. Lakini mwandiko pembeni ya nakala ulikuwa wa Hakikisha mwenyewe. *Pacha. Imethibitishwa.* Na sahihi yake.

Akaketi kwenye kiti cha wageni, kile walichokuwa wakikalia watu waliokuja kuhukumiwa, na siku ile ikamrudia yote. Chumba cha mgonjwa. Taa moja ya kitandani, upande wa kushoto. Mumewe hakuweza kuvumilia mwanga mkubwa. Aliitazama sarafu chini ya taa hiyo moja, akaona mviringo, akafurahi, na hakuizungusha. Hakuizungusha kwa sababu mkono wa mumewe ulikuwa juu ya mkono wake. Wala kesho yake hakuitazama, wala kesho kutwa. Sarafu za watu alizitazama siku tatu. Ya kwake aliitazama mara moja, akaifungia kabatini miaka tisa, na miaka yote hiyo akawa anawaambia wengine kibaraza, kaka yangu, kibaraza. Nyani haoni kundule.

"Niandike nini?" mwenyekiti akauliza, kalamu mkononi.

"Nipe mimi," akasema. Akaikata ile "Pacha" kwa mstari mmoja, akaandika "Kibaraza" juu yake, akatia sahihi na tarehe. Kisha akachukua mkoba, akaondoka kabla wengine hawajafika, akitembea haraka.

Pikapu ya kukodi ilikuwa imeshaegeshwa mbele ya nyumba. Mwanawe alikuwa juu yake akifunga kitanda kwa kamba. Alimwona mama yake, akamwamkia, maana alilelewa vizuri, kisha akaendelea kufunga. Mkwe alikuwa chumbani, amepiga magoti kati ya makatoni ya karatasi aliyoyaleta kutoka kazini. Hakikisha alisimama kizingitini. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi ya busara, na sasa yote yalikuwa yamemkimbia.

"Ni ileile," akasema. "Haikubadilishwa. Nilikosea mimi, tangu siku ile ya kwanza. Naomba unisamehe, mwanangu."

Mkwe aliacha kukunja shuka. "Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Kwamba siyo pacha. Mwaka ule nilipokuja, mwanao alinionyesha, alikuwa anajivunia sana baba yake. Nikaitazama kwa kioo changu cha kazini. Mambo hayo mimi nayaona kila siku. Karatasi ikiteleza kwenye mashine, herufi inakwanguka upande mmoja, inabaki na kivuli bapa. Tunazitupa kwa marundo." Alitazama vidole vyake. "Nikaiwashia tochi ya simu, nikaizungusha. Nikaona imeteleza tu. Nikairudisha."

"Miaka minne! Na hukuniambia?"

"Ilikuwa ya baba," mkwe akasema. Kisha, "Na ningekuambia, mama, ungeniamini?"

Hakikisha alifungua mdomo aseme ndiyo. Neno hilo lilikataa kutoka, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakulilazimisha.

"Hapana," akasema. "Ningesema umeibadilisha."

Mkwe akaitikia kwa kichwa, bila hasira, kama mtu aliyepewa jumla aliyokuwa ameshaipiga mwenyewe. "Nimekusamehe, mama. Wallahi nimekusamehe, na Jumapili tutakuja kula kwako. Lakini kuhama tunahama. Siwezi kulala mahali ambapo nikivua viatu natazamwa."

Kwa hiyo alikuwa ameona.  Hakikisha akapiga magoti kando yake, akashika kamba, wakaanza kufunga pamoja, katoni baada ya katoni, mmoja akibana na mwingine akifunga fundo. Mkwe alikuwa na mikono ya haraka. Machozi yalikuwa yakimtiririka Hakikisha puani, naye akiyafuta kwa kiwiko, na kweli kabisa alikuwa akisikitika, akimpenda binti huyu kuliko siku yoyote ya ile miaka minne aliyomjua. Walifika kwenye katoni ya vyombo. Mikono yake ikashika kamba. Na jicho lake, lile jicho la miaka thelathini na mmoja, likateleza lenyewe likaingia ndani ya katoni. Vikombe vya mstari wa buluu. Hivi ni vile walivyoletewa harusini, au ni vile vya kabati la sebuleni?

Mkwe aliliona lile jicho.

 Aliifungua kamba iliyokuwa imeshaanza kufungwa, akavitoa vikombe viwili vya juu akaviweka sakafuni, akayashika mabawa ya katoni kwa mikono yake yote miwili, wazi kabisa, akaisogeza mwangani.

"Tazama, mama," akasema.

Na Hakikisha, masikio yakimwaka kwa aibu, akatazama.